Masalio ya ngozi ni mali, lakini si yote yafaayo kuliwa

MUUZAJI wa supu ya kwato mtaani Kawangware huibandika sufuria yake jioni na kuiacha itokote polepole hadi alfajiri. Supu inayobaki ikipoa, huganda. Hutetemeka kijiko kinapoigusa, na huyeyuka tena inaporudishwa motoni. Wateja wake, wengi wao wajenzi na makondakta wa matatu wanaodamka mapema kwenda kazini, huamini kwamba uzito huo ndio unaoipa supu nguvu.

Uzito huo ni jelatini. Ni kitu kile kile ambacho viwanda vya dawa hutengenezea maganda ya kapsuli, na ambacho viwanda vya vyakula hutia katika yogati, peremende za kutafuna na jeli za sherehe za watoto. Kenya hukiagiza kutoka ng'ambo na kukilipia kwa fedha za kigeni.

Kilomita chache magharibi mwa Kawangware, kwenye mpaka wa kaunti za Nairobi na Kiambu, viko vichinjio vya Dagoretti ambavyo hulisha sehemu kubwa ya jiji kwa nyama ya ng'ombe. Kwato, vichwa na matumbo huelekea kwenye masufuria ya Kawangware, Kibera na mitaa mingine ya mabanda. Sehemu ya mifupa huishia mikononi mwa mafundi wa Kibera, ambao huichonga shanga, vifungo na herini. Ngozi huchukua njia nyingine kabisa. Hutiwa chumvi, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa katika viwanda vya ngozi, vingi vikiwa Athi River, Thika na miji mingine ya nje ya Nairobi. Huko, zaidi ya nusu yake hugeuka taka.

Ndipo linapozuka wazo linalorudiwa mara kwa mara katika mijadala ya viwanda: mbona taka hiyo isigeuzwe jelatini ya kuliwa? Wazo lenyewe si la ajabu. Ulaya imekuwa ikilitekeleza kwa miongo mingi. Lakini ni kweli kwa fungu moja la taka na ni hatari kwa fungu la pili, na tofauti ya mafungu hayo haionekani kwa macho mara taka ikishapikwa na kukaushwa.

Ngozi mbichi ya ng'ombe ina maji zaidi ya asilimia 60. Takriban theluthi moja ni protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazoipa ngozi, mifupa na mishipa uimara wake. Kolajeni ikilowekwa katika chokaa au tindikali, kisha ikichemshwa kwa maji ya moto, nyuzi hizo hufumuka na kuwa jelatini. Alifanyalo muuzaji wa supu kwa usiku mmoja, kiwanda hulifanya kwa majuma kadhaa. Malighafi hukaa katika chokaa kwa muda mrefu, husafishwa kwa maji mengi, huchemshwa kwa awamu huku joto likipandishwa, huchujwa, hupunguzwa maji, huuliwa viini kwa joto kali la sekunde chache, kisha hukaushwa na kusagwa.

Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa katika miaka ya 2000 yalionyesha kwamba karibu asilimia 46 ya jelatini ya dunia ilitokana na ngozi ya nguruwe, asilimia 29 ngozi ya ng'ombe, na asilimia 23 mifupa. Takwimu hizo zina maana ya pekee kwa Waislamu wa Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari Wanubi na jamaa zao mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao hadi leo una misikiti yake Makina. Lebo ya peremende au ya yogati mara nyingi hutaja jelatini tu, bila kumtaja mnyama. Kapsuli ya hospitalini haina lebo hata hiyo. Ng'ombe wa Dagoretti, kwa upande wao, huchinjwa na Waislamu, kama ilivyo desturi katika vichinjio vingi vya Kenya. Jelatini ya ngozi hizo ingekuwa na soko lililo tayari si Kenya pekee, bali pia katika Ghuba, mradi mnunuzi angeweza kuhakikishiwa kwamba ngozi ilitoka kwa mnyama yule yule aliyechinjwa kihalali.

Sasa yaangaliwe masalio yenyewe. Wataalamu wa sekta hii hukadiria kwamba tani moja ya ngozi mbichi zilizotiwa chumvi hutoa kilo 200 hivi tu za ngozi bora iliyokamilika. Kilo 350 hivi huwa taka ambayo bado haijaguswa na kemikali za kudabaghi, yaani zile zinazoizuia ngozi isioze. Kilo 250 hivi huwa taka iliyokwisha kudabaghiwa, na nyingine karibu 100 huyeyuka na kwenda na maji taka.

Fungu la kwanza ni vipande vya kingo, shingo na miguu vinavyokatwa ngozi ikiwa bado mbichi au ikiwa kwenye chokaa, pamoja na nyama na mafuta yanayokwanguliwa upande wa ndani. Nyama na mafuta hayo hayafai sana kwa jelatini ya kuliwa. Manufaa yake ni gesi, sabuni na gundi. Vipande vya ngozi vyenyewe vinafaa. Na bora kuliko vyote ni tabaka la chini la ngozi, ambalo huondolewa ngozi nene inapopasuliwa mara mbili kama mkate. Hilo ndilo chakula kikuu cha viwanda vya jelatini ya ng'ombe huko Ulaya.

Fungu la pili ni unga na vinyuzi vinavyotoka mashine inapokwangua ngozi iliyokwisha kudabaghiwa, pamoja na mabaki ya viwanda vya viatu na mikoba. Sehemu kubwa ya ngozi duniani hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu, madini ambayo huipa ngozi rangi ya samawati hafifu na kushikamana na kolajeni kwa nguvu. Kromiamu hiyo inaweza kutolewa kwa kemikali na joto. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba unga wa ngozi ya kromiamu unaweza kutoa jelatini na protini nyingine. Walichokuwa wakikitafuta ni bidhaa za viwandani, kama vile gundi. Hawakuwa wakitafuta chakula.

Sheria ya Ulaya haina utata kuhusu jambo hili. Kanuni nambari 853 ya mwaka wa 2004 inakataza kabisa kutumia ngozi kwa jelatini ya kuliwa ikiwa imepitia hatua yoyote ya kudabaghiwa, iwe hatua hiyo ilikamilishwa au la. Inataka pia ngozi itoke kwa mnyama aliyechinjwa kichinjioni na kupitishwa na mkaguzi kuwa anafaa kuliwa. Jelatini iliyokamilika haipaswi kuwa na kromiamu zaidi ya miligramu 10 kwa kilo. Kanuni hiyo hiyo, na hapa ndipo watetezi wa viwanda vya Kenya wangefaa kusoma kwa makini, inaviruhusu viwanda vya ngozi kuuza malighafi ya jelatini, ilmradi vitambuliwe rasmi na viwe na vyumba maalum, safi, vya kuiweka mbali na kemikali na ngozi nyingine. Kwa hivyo kiwanda cha ngozi na kiwanda cha chakula vinaweza kuwa majirani. Kinachotakiwa ni ukuta kati yao, na mtu wa kuulinda.

China iliona ukuta huo ukiporomoka. Mnamo Aprili 2012, televisheni ya taifa ya nchi hiyo, CCTV, ilifichua kwamba viwanda kadhaa katika mkoa wa Hebei vilikuwa vikipika mabaki ya ngozi iliyodabaghiwa na kutoa jelatini ya viwandani. Jelatini hiyo iliuzwa kwa watengenezaji wa maganda ya kapsuli katika mkoa wa Zhejiang, nayo maganda yakanunuliwa na kampuni za dawa. Dawa 13 za kampuni 9 zilipatikana na kromiamu kupita kiwango cha China cha miligramu 2 kwa kilo, nyingine zikikizidi mara makumi. Serikali ilizuia zaidi ya kapsuli milioni 77.

Aliyemeza kapsuli hizo hakuwa na njia ya kujua. Ganda lilikuwa angavu, laini, na liliyeyuka tumboni kama lilivyotakiwa. Kilichowavutia wenye viwanda ni bei: jelatini ya mabaki ya ngozi iligharimu sehemu ndogo tu ya ile iliyo halali.

Bangladesh ilifika hapo kwa njia nyingine. Katika mtaa wa Hazaribagh jijini Dhaka, ambako viwanda vya ngozi vilibanana na makazi ya maskini hadi vilipohamishiwa Savar mwaka wa 2017, mabaki ya ngozi ya kromiamu yalikuwa yakichemshwa, yakianikwa juani na kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Watafiti walikuta kromiamu katika nyama ya kuku hao. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru biashara hiyo ikomeshwe. Kromiamu ya kudabaghia si ile aina kali inayojulikana kusababisha saratani, lakini inaweza kugeuka kuwa aina hiyo katika mazingira fulani, hasa mabaki yanapochomwa moto. Hilo lapaswa kuzingatiwa na kila fundi wa viatu aliye na gunia la vipande vya ngozi nyuma ya kibanda chake, iwe ni Kibera, Kawangware au soko la Kariokor, na ambaye jirani yake huenda akaviomba vya kuwashia jiko.

Je, Kenya ingeweza kuteleza vivyo hivyo? Tayari ina mfano wake mwenyewe wa jelatini ya ngozi, ingawa si wengi waliouita kwa jina hilo. Ni biashara ya punda.

Ejiao ni jelatini inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda. Katika China hutumiwa kama dawa ya kienyeji, hutiwa katika vitafunio, na husifiwa kwamba huongeza damu na kuipendezesha ngozi ya mwili. Mahitaji yake yalipopanda, punda wa China wakapungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3, na wanunuzi wakaigeukia Afrika. Mnamo 2012 serikali ya Kenya ilimhesabu punda miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa. Kuanzia 2016 vichinjio vinne vilipewa leseni, kimoja kimoja katika kaunti za Baringo, Nakuru, Turkana na Machakos.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi kuliko sheria. Utafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) uliotolewa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba punda 301,977 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Hiyo ni sawa na asilimia 15 hivi ya punda wote nchini kwa muda wa chini ya miaka mitatu. Watafiti walionya kwamba punda wangemalizika kufikia mwaka wa 2023 kama kasi hiyo ingeendelea. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2.

Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na wizi. Wenyeji waliamka na kukuta mizoga vichakani, imechunwa ngozi na kuachwa. Wanawake waliokuwa wakitegemea punda kubeba maji na kuni walilazimika kubeba wenyewe. Nyama, ambayo mnunuzi wa ngozi hakuihitaji, ilizua hofu nyingine mjini Nairobi, kwamba ilikuwa ikiuzwa kwa siri katika bucha za mitaa ya chini kama nyama ya ng'ombe. Mlaji wa Kawangware akawa anabeba hatari ya biashara ambayo faida yake ilikuwa ikichemshwa katika sufuria la nchi nyingine.

Mnamo Februari 2020, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo mnamo Mei 2021, baada ya mwenye kichinjio kimoja kwenda kortini. Mwezi wa Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kote barani uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Ilichukua miaka minane tangu vichinjio vya kwanza kufunguliwa hadi bara kupata msimamo mmoja.

Ng'ombe hawako katika hatari ya kumalizwa kwa ajili ya jelatini, maana huchinjwa kwa ajili ya nyama na ngozi ni ziada. Lakini mpangilio wa mambo ndio unaopaswa kutazamwa. Leseni ilitolewa kwanza, mnunuzi wa nje akaweka bei, na swali la asili ya ngozi, yaani ilitoka kwa mnyama gani, wa nani, na alikufa vipi, likaja kuulizwa mwisho. Kwa jelatini ya kuliwa, swali hilo ndilo la kwanza. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Mzoga una ngozi kama ng'ombe mwingine yeyote, na ngozi hiyo ikishatiwa chumvi na kuchanganywa na nyingine katika lori, hakuna fundi atakayeitenga. Kwa viatu, haidhuru. Kwa kapsuli ya mgonjwa, ni jambo lisilokubalika.

Yapo pia mambo ya bei ambayo serikali imeyajaribu kwa njia moja tu. Kuanzia 2006 Kenya ilitoza ushuru ngozi mbichi zinazouzwa nje, kwanza asilimia 20 na mwaka uliofuata 40, ili zibaki nchini na kulisha viwanda vya hapa. Viwanda viliongezeka, ingawa sehemu kubwa ya walichouza nje ilikuwa ngozi iliyofika hatua ile ya samawati tu, haijawa kiatu wala mkoba. Kisha soko la dunia likadorora, huku viatu vya plastiki na vya vitambaa vikichukua nafasi, na bei ya ngozi katika vichinjio ikaporomoka hadi baadhi ya wenye bucha wakaona hakuna faida ya kununua chumvi ya kuihifadhi. Ngozi iliyokuwa ikilipia gharama za kuchinja ikawa mzigo wa kutafutiwa shimo.

Katika hali hiyo ndipo jelatini ina mvuto wa kweli. Kuna sababu ambayo watu wa viwanda vya ngozi wanaijua vizuri lakini huitaja kwa nadra. Ngozi ya Kenya hupoteza thamani kwa makosa ya kisu: mchunaji anapoharakisha huitoboa na kuikwaruza. Huongezewa alama za kupe, miiba na chuma cha moto cha kutambulisha mifugo. Mnunuzi wa viatu huishusha daraja au kuikataa. Mpishi wa jelatini hajali matundu. Kwake, ngozi ya daraja la mwisho na ile ya daraja la kwanza zina kolajeni ile ile.

Jambo la pili ni namna viwanda vinavyofanya kazi. Kiwanda kinachoipasua ngozi baada ya kuitia kromiamu hupata tabaka la chini lenye sumu. Kikiipasua mapema, ikiwa bado kwenye chokaa, tabaka lile lile huwa malighafi ya chakula, na kromiamu nayo hutumika kidogo kwa sababu ngozi ya kudabaghiwa imepungua unene. Ni badiliko la mashine na la mpangilio, na lina gharama, kwa kuwa ngozi ya chokaa ni telezi na huhitaji mafundi wenye ustadi. Eneo la viwanda vya ngozi la Kenanie katika kaunti ya Machakos, ambalo serikali imekuwa ikilijenga kwa miaka mingi, lilikusudiwa kuweka viwanda pamoja ili vitumie mtambo mmoja wa kusafisha maji taka. Mahali kama hapo ndipo ukuta ule wa Ulaya ungejengwa kwa gharama nafuu zaidi, kuliko katika kiwanda kimoja kimoja kilichozeeka.

Wapo wanaopendekeza kwamba shughuli yenyewe iletwe mitaani, iwe mradi wa vijana wa Kibera au akina mama wa Kawangware, kwa hoja kwamba mafundi wa mifupa wameonyesha njia. Ni kweli mafundi hao wamefanya la kustahili sifa. Huokota mifupa ambayo bucha na hoteli zingeitupa, huichemsha kuondoa mafuta, huikata, huing'arisha na kuitia rangi, na mapambo yao huuzwa hadi ng'ambo. Mtazamaji makini atagundua pia kwamba maji wanayoyamwaga baada ya kuchemsha yana jelatini ndani yake. Lakini shanga ya mfupa haimezwi. Na jelatini ni moja ya vyakula ambavyo bakteria huvipenda mno, hata maabara huitumia kuoteshea viini. Hutaka maji safi kwa wingi, joto linalodhibitiwa na mahali pa kumwaga chokaa iliyotumika. Familia za Kibera na Kawangware hununua maji kwa mtungi. Mto Nairobi, unaotoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na kupita upande wa Dagoretti, umekwisha kubeba mzigo wa kutosha. Mwaka wa 2009 mamlaka ya mazingira, Nema, ilivifunga vichinjio vya Dagoretti kwa sababu ya uchafu uliokuwa ukiingia mtoni. Baadaye kichinjio kimojawapo, Nyongara, kilipata mtambo wa kugeuza kinyesi na damu kuwa gesi, kwa ushirikiano wa shirika la UNIDO na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI. Huo ndio ukubwa wa mradi unaofaa kuwa karibu na makazi.

Nafasi ya mitaa hii katika biashara hiyo iko mapema zaidi, katika kukusanya, kutenga na kutia chumvi ngozi na kwato siku ile ile ya kuchinja, kwa malipo yanayotambua kwamba malighafi ya chakula ni ghali kuliko malighafi ya kiatu. Hiyo ni kazi ya mikono mingi na haihitaji tindikali.

Kuna dai lingine linalopaswa kukataliwa mapema, nalo ni kwamba jelatini ya masalio ingekuwa lishe ya bei nafuu kwa watoto wa mitaa ya mabanda. Ufaransa ilikwisha kulijaribu. Mwanakemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet alieneza jijini Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, supu ya jelatini ya mifupa, nayo ikagawiwa katika hospitali na kwa maskini kama mbadala wa nyama. Wagonjwa wakalalamika. Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo kikaunda tume iliyoongozwa na François Magendie, na mwaka wa 1841 ikatoa ripoti kwamba mbwa waliolishwa jelatini peke yake walidhoofika na kufa. Sababu ilijulikana baadaye: jelatini ni protini isiyo na triptofani, mojawapo ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Supu ya Kawangware huwafaa wateja wake kwa sababu huliwa na chapati, maharagwe au ugali, na ina vipande vya nyama ndani. Unga mkavu wa jelatini ni kiungo cha viwandani. Manufaa yake kwa maskini wa Nairobi yangekuwa ajira na bei ya ngozi.

Kisheria, Kenya haiko mikono mitupu. Kuna Sheria ya Biashara ya Ngozi, Sura ya 359. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356. Na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Lipo pia Baraza la Ustawi wa Sekta ya Ngozi, na Shirika la Ubora wa Bidhaa, Kebs. Tatizo ni kwamba kila mmoja hushika kipande chake. Mkaguzi wa nyama hupiga mhuri kwenye mzoga na kuiacha ngozi iende bila alama. Afisa wa ngozi hutazama matundu na daraja, si afya ya mlaji. Wa vyakula hukutana na jelatini ikiwa imekwisha kuwa unga mweupe ndani ya gunia, na wakati huo kipimo cha maabara pekee ndicho kinachoweza kusema ilikuwa nini kabla.

Mhuri wa mkaguzi kwenye ngozi, kama ulivyo kwenye nyama, na hati inayosafiri nayo hadi kiwandani, ungegharimu kidogo. Sharti la kutotumia ngozi iliyodabaghiwa lingeandikwa kwa sentensi moja, kama Wazungu walivyoliandika. Kipimo cha kromiamu kwa kila shehena ya jelatini, ya hapa na ile inayoingia kupitia bandari ya Mombasa, kingefaa kuwa cha lazima hata kabla kiwanda cha kwanza hakijajengwa, kwa kuwa kapsuli za ng'ambo tayari zinamezwa katika zahanati za Kibera.

Hayo yote hutegemea muda mfupi sana. Ngozi isiyotiwa chumvi huanza kuharibika katika saa chache kwa joto la Nairobi, na iliyoharibika haifai kiatu wala kapsuli. Uamuzi wa kama itatengwa, itachanganywa au itatupwa hufanyika pale sakafuni Dagoretti, asubuhi, wakati kwato zikiwa zimekwisha kupakiwa kwenye mikokoteni kuelekea Kawangware.